Misahafu Iliyopambwa kwa Mkono, na Njia ya Anayeanza

Inafaa katika kitabu hiki cha kumbukumbu kueleza habari za kazi moja ya mikono ambayo zamani ilihesabiwa kuwa sehemu ya elimu, na ambayo leo wengi huidhani ni kazi ya mashine: kazi ya kuupamba Msahafu.

Mwislamu wa Kamenge akiufungua Msahafu wake mwanzoni huikuta Suratul-Fatiha imezungukwa na maua na misokoto ya rangi, na ukurasa unaoielekea, wenye mwanzo wa Suratul-Bakara, umepambwa vivyo hivyo. Huyatazama mapambo yale kwa kitambo kidogo, kisha hufungua mbele aendelee na kisomo chake. Kwa kuwa kitabu kimetoka kiwandani, hudhaniwa kwamba na ua lake limetoka kiwandani. Lakini hata Msahafu unaopigwa chapa Madina, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1984, hati ya toleo lake lijulikanalo zaidi iliandikwa kwanza kwa kalamu na mtu mmoja, Uthman Taha, mzaliwa wa Syria. Mashine ilikuja nyuma ikaufuata mkono wake. Na pindo la maua lililouzunguka ukurasa lina nasaba ndefu kuliko hiyo, nasaba ambayo tawi lake moja lilichipuka katika pwani ya Waswahili wenyewe.

Nakala za mwanzo kabisa za Kurani hazikuwa na irabu, wala majina ya sura, wala pindo. Waliokuwa wakizisoma walikwisha kuihifadhi Kurani vifuani mwao, na maandishi yaliwakumbusha tu. Uislamu ulipowafikia watu wasiokuwa Waarabu ndipo haja ya alama ilipotokea. Mapokeo yanamtaja Abul-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 wa Hijria, kuwa ndiye aliyeanza kutia nukta za rangi ili kuonyesha irabu, na nukta hizo katika misahafu ya kale aghalabu ni nyekundu. Basi rangi iliingia katika Msahafu ili kumwongoza msomaji asikosee. Baadaye zikaja alama za mwisho wa aya, kisha alama za kila aya tano na kila aya kumi, kisha vichwa vya sura. Na kila alama ikawa nafasi ya mkono wa fundi kuonyesha heshima yake.

Si wanazuoni wote waliopendezwa na jambo hilo. Imam Malik, aliyefariki mwaka 795, alipoulizwa juu ya alama za aya kumi kumi zinazotiwa kwa rangi nyekundu na rangi nyinginezo, alilichukia jambo hilo, akasema kuzitia kwa wino wa kawaida hakuna ubaya. Kwa upande wa pili, Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye vitabu vyake vya madhehebu ya Shafi vimesomwa sana katika Afrika ya Mashariki, ameeleza kwamba kuiandika Kurani kwa hati nzuri na iliyo wazi ni jambo linalopendekezwa. Kati ya hofu ya yule na pendekezo la huyu ndimo walimofanyia kazi mafundi wote waliofuata. Pambo likiwa zito hata likaliondoa jicho kwenye aya, limeiharibu kazi yake. Likimsaidia msomaji kujua juzuu inaanzia wapi na sijda iko wapi, limefanya ibada.

Katika Baghdad alikuwako mtu aliyeitwa Ibn al-Bawwab, aliyefariki mwaka 1022. Waandishi wa wasifu wanasimulia kwamba alianza maisha kwa kupamba nyumba, kisha akapamba vitabu, kisha ndipo akageukia hati hata akawa mkuu wa zama zake. Msahafu wake mmoja, alioumaliza mwaka 391 wa Hijria, yaani mwaka 1000 au 1001, umehifadhiwa katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin. Ni kitabu kidogo, urefu wake haufiki sentimita 20. Apendaye kujifunza na afikiri habari hiyo vizuri: mtu ambaye jina lake limekuwa kipimo cha uzuri wa maandishi kwa muda wa miaka elfu alianza na brashi na ukuta wa nyumba ya mtu.

Katika zama hizo hizo watawa wa Ulaya nao walikuwa wakipamba vitabu vyao vya dini. Waliandika juu ya ngozi ya ndama au ya kondoo kwa manyoya ya bata bukini, wakabandika karatasi nyembamba za dhahabu juu ya tabaka la chokaa na gundi, wakaisugua mpaka ikang'aa. Mafundi wa Kiislamu walikuwa wameipata karatasi mapema zaidi, na dhahabu waliisaga kwa asali au gundi mpaka ikawa kama wino, ndipo wakaipaka kwa brashi. Kwa Kiarabu kazi hiyo huitwa tadhhib, yaani kutia dhahabu. Huko na huku dhahabu ilitoka katika hazina za wafalme na matajiri, na jambo hilo limewafanya watu wengi wadhani kwamba pasipo dhahabu hapana sanaa hii. Siyu inatoa ushahidi mwingine.

Siyu ni mji ulioko katika kisiwa cha Pate, miongoni mwa visiwa vya Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya. Leo ni kijiji kikimya chenye ngome karibu na maji, lakini katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi. Watu wake walikataa kutawaliwa na Zanzibar wakapigana kwa miaka mingi, mpaka Sayyid Majid alipoushika mji mwaka 1863. Mafundi wa Siyu walichonga mbao, walifanya kazi ya ngozi, na walinakili vitabu. Mwanahistoria James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Lamu, aliandika juu ya kazi hiyo ya vitabu mwaka 1981, na mwaka 2019 mwanazuoni Zulfikar Hirji akatoa uchunguzi wa misahafu mitatu yenye mapambo inayonasibishwa na mji huo. Mmojawapo uko mbali sana na ulikozaliwa, katika jumba la makumbusho la Fowler, mjini Los Angeles, Marekani.

Rangi zinazotawala katika misahafu ya Siyu ni chache: nyeusi, nyekundu na manjano. Mahali ambapo fundi wa Cairo angeweka dhahabu, fundi wa Siyu aliweka manjano. Karatasi ilitoka ng'ambo, ikaletwa na majahazi pamoja na nguo na vyombo. Mtu aliyekulia kati ya Waswahili atakitambua mara moja kitu kimoja katika kurasa zile zilizopambwa: zimepangwa kama kanga. Lipo pindo pande zote nne, na ndani ya pindo upo mji, na katika mji ndiyo maneno. Pembeni, nje ya pindo, yapo maduara na maua ya kuonyesha mgawanyo wa juzuu na hizbu. Wataalamu wameilinganisha misahafu hiyo na ile ya Harar katika nchi ya Uhabeshi na ile ya India, na hapana ajabu, kwa kuwa pepo za kaskazi na kusi ziliwachukua watu, vitabu na vielelezo kwa pamoja. Lakini fundi wa Siyu hakunakili tu alichokiona. Alichagua alichokiweza kwa vitu alivyokuwa navyo, na ndani ya mipaka hiyo akafanya kazi ambayo hata sasa inasimama bila kuomba radhi mbele ya kazi za wafalme.

Kurani ilifikaje ufukweni mwa Ziwa Tanganyika? Ilifuata njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na kutoka Tabora kwenda Ujiji, mji ambao Burton na Speke walipofika mwezi wa Februari 1858 walikuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kutangulia. Kutoka Ujiji mitumbwi ilipanda kaskazini hadi Nyanza-Lac, Rumonge na Usumbura, jiji ambalo tangu uhuru wa mwaka 1962 linaitwa Bujumbura. Katika njia hiyo ndefu kitabu kilikuwa mzigo wa thamani. Lakini kilichosafiri kwa wingi kuliko vitabu kilikuwa ubao wa chuoni, kwa maana ubao haukuhitaji kuletwa. Mwalimu alikuja na elimu kichwani, na mti ulikatwa papo hapo.

Wakati Uislamu unaenea kando ya ziwa, kazi ya kupamba kwa mkono ilikuwa ikififia huko pwani. Viwanda vya Bombay vilichapa misahafu kwa mawe, yenye mapambo tayari, nayo ikauzwa kwa bei ambayo mwandishi wa mkono hakuweza kushindana nayo. Katika Zanzibar Sayyid Barghash alianzisha kiwanda chake cha chapa karibu na mwaka 1880. Mwaka 1924 likatoka toleo la Cairo, ambalo limekuwa mfano wa misahafu mingi ya karne hii na iliyopita. Hapana haja ya kuyalalamikia mambo hayo. Chapa ilimfikishia maskini Msahafu sahihi, na mtu wa Kamenge aliyenunua Kurani kwa fedha kidogo hakudhulumiwa na mtu. Ila kilichopotea ni njia ambayo kijana aliyeanza na alifu aliweza kupita mpaka akafika kuwa mpambaji, na njia hiyo inastahili kuelezwa, kwa sababu vyombo vyake vyote vingali vinapatikana.

Watu husema alifu kwa kijiti wakiwa na maana ya mwanzo wa jambo lolote. Msemo umetoka chuoni, ambako mwalimu alimwonyesha mtoto herufi kwa kijiti. Mtoto aliandika juu ya ubao kwa wino wa masizi, akasoma, akahifadhi, kisha akaosha ubao na kuandika tena. Wino huo ndio wa kuanzia kwa anayejifunza mapambo. Masizi ya kibatari hukusanywa juu ya sahani, yakasagwa polepole pamoja na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa kwa maji, na kusaga ndiko kazi yenyewe. Asiyekuwa na subira ya kusaga atapata maji meusi yenye chembe, yanayotiririka penye ncha na kuacha madoa. Upo wino wa pili, unaopikwa kwa magamba ya miti yenye ukali pamoja na chumvi ya chuma. Huo hung'ang'ania karatasi wala hauosheki, lakini baada ya miaka mingi aghalabu huila karatasi ikatoboka. Wino wa masizi hauli karatasi wala haufifii kwa jua. Adui yake ni maji peke yake. Kwa mwanafunzi hiyo ni fadhila, maana kosa lake linaoshwa.

Kalamu ni tete. Matete yameota tele kando ya mto Ruzizi na kwenye fukwe za ziwa. Huchaguliwa lililokauka likiwa limesimama, unene wake kama kidole cha mwisho. Hukatwa kwa mshazari, ncha hupasuliwa kidogo katikati ili wino ushuke, kisha huchongwa bapa. Atakayekata kalamu yake ya kwanza ataharibu matete kadhaa kabla ya moja kuandika, na hiyo si hasara kwa kuwa yako mengi.

Karatasi ya dukani hunywa wino. Mistari itokayo juu yake huwa na manyoya kama kiwavi, na hapo ndipo wanaoanza wengi hujidhani hawana kipaji, ilhali waliokosea ni watengenezaji wa karatasi. Mafundi wa Uajemi na Uturuki waliipaka karatasi maji ya wanga au ute wa yai uliochanganywa na shabu, wakaiacha ikauke, wakaisugua kwa jiwe laini mpaka ikawa kama kioo. Uji mwepesi wa wanga na mgongo wa kijiko hutosha kwa majaribio. Kisha hupigwa mistari. Fundi wa zamani hakutumia rula kwa kila mstari. Alikuwa na ubao uliofungwa nyuzi, akaukandamiza juu ya karatasi, nyuzi zikaacha alama zisizo na wino. Chombo hicho kiliitwa mistara kwa Kiarabu, na neno la Kiswahili mstari ni la ukoo huohuo.

Sasa pambo lenyewe. Mwanzo wake ni duara, na chombo chake ni bikari. Ukichora duara, kisha bila kubadili upana wa bikari ukaisimamisha juu ya ukingo na kuuzunguka, itafika mara sita barabara na kurudi pale ulipoanzia. Pinde zitakazochorwa kutoka katika vituo hivyo sita hukutana katikati zikafanya ua la petali sita. Haihitaji mkono wa msanii, yahitaji ncha ya bikari iliyo kali na karatasi isiyoteleza. Ua hilo, dogo kama punje ya mahindi, hufaa kuwa alama ya mwisho wa aya. Na aya za Kurani, kwa hesabu ya watu wa Kufa, ni 6,236. Aliyeupamba Msahafu mzima kwa kutia duara penye kila aya alichora duara zaidi ya elfu sita, na mkono uliochora la mwisho haukuwa tena ule uliochora la kwanza. Kwa njia hii kazi yenyewe ilimfundisha mfanyaji.

Baada ya duara huja msokoto wa pindo, na huu ndio unaowashinda wengi. Kwa macho unafanana na ukili, ule mkanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka: uzi mmoja unapita juu ya mwenziwe, kisha chini yake, kisha juu. Mtu aliyemwona mama yake akisuka anaujua mwendo huo kabla ya kushika kalamu. Shida iko penye pembe. Anayeanza huchora kutoka pembe moja kwa furaha, kitanzi baada ya kitanzi, na akifika pembe ya pili hukuta nafasi iliyobaki ni ya nusu kitanzi. Dawa yake ni kuhesabu kabla ya kuchora. Pindo lenye upana wa sentimita 12 na urefu wa sentimita 18 litapokea vitanzi vya sentimita moja na nusu, 8 juu na 12 ubavuni, bila kubaki kitu. Urefu ukiwa sentimita 19, sentimita moja itabaki bila mwenyewe, na hapana ustadi wa kuificha. Ama pindo lifupishwe, ama vitanzi vibadilishwe ukubwa. Mafundi walipima pembe kwanza, wakazijaza, kisha wakaenda katikati kutoka pande zote mbili, ili hitilafu ndogo ikitokea itawanyike mahali ambapo jicho halisimami.

Rangi hutiwa mwisho, nazo hufuata utaratibu: kwanza manjano, kisha nyekundu, kisha nyeusi ya kuzungusha ukingo. Nyeusi ikitangulia, brashi yenye maji itaiburura juu ya manjano na kazi ya siku tatu itakuwa matope. Neno manjano ni jina la rangi na pia la kiungo cha jikoni, na kiungo hicho kweli hutoa rangi nzuri, ila jua huifuta na sabuni huigeuza kuwa nyekundu. Yafaa kwa mazoezi tu. Wekundu wa zamani mara nyingi ulikuwa zinjifuri, jiwe la zebaki, nalo ni sumu. Asijaribu mtu yeyote kulisaga nyumbani. Rangi za maji zinazouzwa kwa wanafunzi wa shule hazina hatari hiyo. Zafarani, ambayo watu wa pwani huiandikia kombe juu ya sahani, ni ghali mno kwa kazi ya kujifunza.

Limebaki jambo la adabu, nalo ni zito kuliko ya rangi. Anayeanza hukosea, na karatasi yake ya kwanza hutupwa. Lakini karatasi yenye neno la Mwenyezi Mungu haitupwi. Huzikwa mahali safi au huchomwa, kwa ulinzi. Kwa hiyo si vema kwa mwanafunzi kuanza na aya. Na aanze na pindo lililo tupu, mji wake mweupe, afanye hata 20 au 30 ya namna hiyo, ambayo akiyachana hayamdai kitu. Mkono ukishatulia, na mwalimu wa chuo akiisha kuikagua hati yake herufi kwa herufi, ndipo achukue udhu akaandike Fatiha. Kosa la pindo ni aibu ya fundi peke yake, lakini kosa la irabu ndani ya aya ni kosa ambalo msomaji mwingine atalibeba ulimini.

Wakazi wengi wa Kamenge walipokimbia makwao mwaka 1995 hawakupata nafasi ya kuchagua nini cha kuchukua, na karatasi ni kitu cha kwanza kuachwa. Kwa ajili hiyo waandishi wa zamani walikuwa na desturi moja yenye manufaa. Katika ukurasa wa mwisho, chini ya maandishi, waliandika jina la aliyenakili, siku aliyomaliza, mara nyingine na mji wenyewe, pamoja na ombi la dua kwa msomaji. Maandishi hayo hupunguzwa upana mstari kwa mstari hata yakafanya umbo la pembetatu iliyosimama juu ya ncha yake. Anayeanza aweza kuyafanyia mazoezi tangu karatasi ya kwanza, kwa Kiswahili, kwa penseli: jina, tarehe ya Hijria na ya Miladi, Kamenge.